Kumwonea Mungu kiu: mwongozo wa kuutafuta uwepo na utukufu wake, kutoka Newala

Nimezaliwa Newala, kusini mwa Tanzania, juu ya uwanda wa Makonde, mahali ambapo mvua ikinyesha mchanga huimeza yote. Huku juu hakuna mto. Maji yako chini, kwenye mabonde ya pembezoni, na kabla mabomba hayajafika mtaani kwetu wanawake walishuka na ngata mkononi, wakapanda na ndoo kichwani. Ukisimama pale Shimo la Mungu, ukingoni ambapo nchi inakatika ghafla na bonde linafunguka mbele yako, utaona mwenyewe ni mteremko wa namna gani. Bibi yangu aliushuka tangu usichana wake hadi magoti yalipokataa. Aliondoka jogoo wa kwanza. Sikumsikia hata siku moja akijiuliza kama leo ana hamu ya kwenda.

Namtaja bibi kwa sababu nilipoisoma Zaburi ya 63 nikiwa mtu mzima, pale Daudi anapolia kwamba nafsi yake inamwonea Mungu kiu "katika nchi kame na uchovu, isiyo na maji", sikuhitaji kufafanuliwa. Niliijua nchi hiyo, na niliijua njia ya kwenda majini: unaamka, unachukua chombo, unashuka. Hakuna aliyewahi kuyatengeneza maji. Yalikuwepo kabla yetu. Kazi yetu ilikuwa kwenda.

Ninamwandikia Mkristo anayesali, anayehudhuria ibada, anayetoa sadaka yake, na bado usiku anajua moyoni kwamba amezoea mambo ya Mungu bila kukutana na Mungu mwenyewe. Nilikaa hivyo miaka mingi. Hatua ninazoandika hapa nimezipita, nyingine mara kadhaa, na ninaendelea kuzipita.

Kwanza tuelewane tunatafuta nini

Fungua Kutoka 33 uisome yote kabla hujaendelea. Waisraeli wametoka kuabudu ndama. Mungu anamwambia Musa: nendeni, nchi nitawapa, malaika nitamtuma awatangulie, maadui nitawafukuza, ila mimi sitakwenda kati yenu. Itazame vizuri ahadi hiyo. Nchi ipo, ulinzi upo, ushindi upo. Kinachokosekana ni Mungu tu. Musa anaikataa: "Uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa." Kisha anaomba zaidi: "Nakusihi unionyeshe utukufu wako."

Neno la Kiebrania tunalolisoma kama utukufu ni *kabod*, na asili yake ni uzito. Ni uzito wa jinsi Mungu alivyo, pale mwanadamu anapouhisi. Hekalu la Sulemani lilipojaa wingu, makuhani hawakuweza kusimama kufanya huduma (1 Wafalme 8:11). Lakini angalia Mungu anavyomjibu Musa. Anasema, "Nitapitisha wema wangu wote mbele yako." Na anapopita, katika sura ya 34, kinachotangazwa ni tabia yake: mwingi wa huruma, mwenye fadhili, si mwepesi wa hasira, mwingi wa rehema na kweli. Musa aliomba utukufu akapewa wema na jina.

Hili lishike sana, maana wengi wetu tumefundishwa, bila mtu kukusudia, kwamba uwepo wa Mungu ni mwili kusisimka, kutetemeka, machozi, sauti kupanda. Hayo huja kwa baadhi ya watu na siyadharau. Mimi mwenyewe nimelia kanisani. Ila ukiyafanya hayo kuwa ndiyo unayoyatafuta, utaishia kutafuta hisia zako mwenyewe. Mungu yuko kila mahali, Zaburi ya 139 inasema hata kuzimu yuko. Tunachokitamani ni kumjua aliyekwisha kuwa hapa, na kufurahi kwamba ni yeye.

Hatua ya kwanza: jipime kwa swali la Musa

Chukua daftari. Andika mambo matatu unayoyaomba zaidi mwaka huu. Kwetu mara nyingi ni haya: bei ya korosho mnadani, mtoto afaulu, nyumba ipauliwe bati, ndoa itulie, ugonjwa uondoke. Yote ni maombi halali na Baba anataka tumwombe. Sasa jiulize kwa ukweli: ningeyapata yote haya leo, na Mungu akaniambia "ila mimi siendi nawe", ningegundua baada ya muda gani kwamba ameondoka?

Jibu langu la kwanza nililiandika kwa mkono unaotetemeka. Niliandika: pengine Jumapili.

Usijihukumu kwa jibu lako, liandike tu. Halafu andika unakokwenda kuipoza kiu yako. Yeremia 2:13 inasema watu wa Mungu waliiacha chemchemi ya maji ya uzima wakajichimbia mabirika yavujayo. Kwetu Newala nyumba nyingi zina kisima cha saruji cha kuvunia maji ya bati, kwa hiyo kila mtu anajua kisima chenye ufa kilivyo. Masika unakiona kimejaa, unatulia. Kiangazi kikiingia unafungua mfuniko, unakuta tope. Kisima chenye ufa hakikudanganyi siku ya mvua. Simu ya mkononi ni kisima cha namna hiyo kwa wengi wetu, na sifa za watu kanisani ni kingine, kibaya zaidi kwa sababu kinafanana na chemchemi.

Hatua ya pili: weka saa na mahali

Marko 1:35 inasema Yesu aliondoka alfajiri na mapema sana, akaenda mahali pasipokuwa na watu, akaomba huko. Siku iliyotangulia alikuwa ameponya watu hadi jua limetua. Alikuwa na kila sababu ya kulala.

Sisi tunaoishi Mtwara na Lindi tuna msaada ambao Wakristo wengi wa mahali pengine hawana: adhana ya alfajiri. Jirani zangu Waislamu wanaamka. Kwa miaka mingi niliisikia nikajigeuza upande wa pili. Siku moja niliona aibu nikaamka na mimi, na tangu hapo ndiyo saa yangu ya kukumbushwa. Kama unafanya kazi ya usiku, au una mtoto mchanga, chagua saa nyingine. Muhimu ijulikane ni saa ngapi.

Mahali pawe pale pale kila siku. Yesu alisema uingie chumbani, ufunge mlango, na najua nyumba zetu nyingi hazina chumba cha ziada. Bibi alisali jikoni, ameketi juu ya kigoda, kabla ya kuwasha moto. Mimi nina mkeka chini ya mwembe nyuma ya nyumba, na mvua ikinyesha nahamia barazani. Simu iache ndani. Kama Biblia yako iko kwenye simu, nunua ya karatasi.

Anza na dakika ishirini, usianze na saa nzima. Dakika tano za mwanzo usiseme kitu. Kaa, pumua, mwambie Mungu kwa neno moja tu kwamba umekuja: "Bwana, nipo." Mawazo yatakuja mengi, ya ada ya shule na ya mbuzi aliyekatika kamba. Usipigane nayo, rudi tu kwenye neno lako. Kisha soma zaburi moja kwa sauti, polepole. Za kuanzia ni ya 27, 42, 63, 84 na 103, moja kila siku, halafu unarudia. Dakika zinazobaki zungumza naye kwa lugha unayoitumia ukiwa na uchungu au furaha. Kama ni Kimakonde, Kimwera au Kiyao, sali hivyo.

Msimu wa korosho ratiba itavurugika, hilo ni hakika. Kuanzia mwezi wa kumi watu wanaokota tangu alfajiri, na jioni ni kutenganisha korosho na mabibo na kupeleka mzigo ghalani. Kipindi hicho mimi hupunguza hadi dakika kumi, lakini siachi, na zaburi ninaenda nayo shambani kichwani. Kuinama kuokota korosho moja moja ni kazi inayomwachia mtu nafasi kubwa ya kumwambia Mungu mambo.

Hatua ya tatu: ondoa kinachoziba njia

Hapa nitakaa kidogo, maana hapa ndipo nilipokwama muda mrefu kuliko mahali pengine popote.

"Heri wenye moyo safi, maana hao watamwona Mungu." Tunaimba juu ya kumwona Mungu na kurukaruka neno "safi". Toba ya jumla, ile ya "nisamehe dhambi zangu zote", ina mahali pake, lakini haigharimu kitu. Toba inayofungua njia ina jina, ina kiasi, na mara nyingi ina mtu.

Baba yetu alipofariki alituachia mikorosho, mimi na mdogo wangu. Mpaka ulipita kati ya miti ambayo matawi yake yameingiliana. Misimu miwili mfululizo niliokota korosho za miti minne ambayo nilijua, ndani kabisa ya moyo wangu, kwamba ni yake. Yeye alikuwa akiishi mjini, hakuja kuangalia. Nilijiambia ni ujira wa kulitunza shamba zima. Misimu hiyo hiyo miwili nilikuwa nikifunga na kukesha, nikimwomba Mungu anionyeshe utukufu wake, na mbingu ilikuwa kimya. Nililaumu kila kitu. Siku moja nikasoma Mathayo 5:23 na 24: ukileta sadaka yako madhabahuni na hapo ukumbuke kwamba ndugu yako ana neno juu yako, iache sadaka, nenda kwanza upatane na ndugu yako. Tatizo la andiko lile ni kwamba nilikumbuka.

Nilimpigia simu. Nikamweleza magunia mangapi. Alinyamaza muda mrefu, kisha akasema, "Dada, nilijua." Nilimlipa kwa awamu, ikanichukua msimu mzima. Sikuona mwanga wowote wala kusikia sauti. Ila alfajiri iliyofuata nilipokaa kwenye mkeka, nilikuwa na amani ya mtu asiyeficha kitu, na zaburi niliyoisoma ilikuwa kana kwamba imeandikwa usiku ule.

Kwa hiyo fanya hivi. Tenga jioni moja. Mwombe Roho Mtakatifu akuonyeshe, kwa maneno ya Zaburi ya 139: "Ee Mungu, unichunguze, uujue moyo wangu." Andika kinachokuja, majina na viasi. Ukiwa umenunua korosho kwa kangomba, yaani nje ya mnada, ukimpunja mzee mwenye njaa kwa bakuli lako kabla ya msimu, andika. Zakayo aliahidi kurudisha mara nne, na ndipo Yesu akasema wokovu umefika nyumbani humo. Kama ni jambo zito, au linaweza kumwumiza mtu mwingine likisemwa ovyo, nenda kwanza kwa padre, mchungaji au mzee wa kanisa unayemwamini, akusaidie kujua namna ya kulirekebisha. Na kama wewe ndiye uliyeumizwa, hukatazwi kumkaribia Mungu mpaka mkosaji aje. Kuachilia uchungu kunaweza kuanza upande wako peke yako, hata kama upatanisho utachelewa. Na kama kuna ukatili nyumbani, kusamehe hakukulazimishi kurudi kwenye kipigo.

Hatua ya nne: mtazame Kristo katika Injili

Yohana anaandika kwamba Neno alifanyika mwili, akakaa kwetu, "nasi tukauona utukufu wake". Paulo anasema nuru ya elimu ya utukufu wa Mungu iko katika uso wa Yesu Kristo (2 Wakorintho 4:6). Musa alifichwa katika ufa wa mwamba, sisi tumepewa uso. Ukitaka utukufu, njia iliyonyooka kuliko zote ni kumtazama Yesu akifanya kazi.

Soma tukio moja kwa siku, mara tatu. Mara ya kwanza ili ujue kilichotokea. Mara ya pili simama ndani ya habari: wewe ni nani hapa, unanusa nini, unaogopa nini? Mara ya tatu uliza swali moja tu: *hapa Mungu anaonekana yukoje?* Andika sentensi moja. Baada ya mwezi utakuwa na sentensi thelathini kuhusu Mungu ambazo hakuna mhubiri aliyekupa.

Anza na harusi ya Kana katika Yohana 2, ambapo divai imeisha na familia inakaribia kuaibika, na Yohana anasema hapo ndipo Yesu alipoudhihirisha utukufu wake. Nenda kwa mwanamke Msamaria kisimani, sura ya 4, aliyekuja kuteka saa ya jua kali. Halafu Lazaro, sura ya 11, na kuoshwa miguu, sura ya 13. Chukua mwenye ukoma katika Marko 1, na mjane wa Naini katika Luka 7. Kisha Luka 9, mlimani, uso wake ulipogeuka. Mwisho usome mateso yake polepole, kwa sababu katika Yohana 12 Yesu anapotangaza kwamba saa ya kutukuzwa kwake imefika, anazungumzia msalaba. Sijaacha kushangaa hilo.

Ukipata nafasi, fika Ndanda ukasali na watawa wa Kibenediktini, hata kama si Mkatoliki. Misheni ile ilianza mwaka 1906, baada ya misheni za Lukuledi na Nyangao kuharibiwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905. Zaburi zinasaliwa pale kila siku kwa mwendo ambao haumkimbizi mtu. Nilipotoka nilijua kusoma taratibu kukoje.

Hatua ya tano: kufunga, kwa kiasi

Siku moja kwa wiki, mlo mmoja au miwili, inatosha kwa kuanzia. Kunywa maji, hasa kama unakwenda shambani. Mjamzito, anayenyonyesha, mwenye kisukari au vidonda vya tumbo, na yeyote aliye kwenye dawa asifunge chakula bila kuongea na mhudumu wa afya. Na afunge kitu kingine: redio, simu, soga. Isaya 58 inataka chakula ulichokiacha kimfikie mwenye njaa. Kipime kikombe cha unga ambacho hukukipika, kipeleke kwa mtu.

Hatua ya sita: usiutafute peke yako

Ninapoisoma ile sura ya 33 ya Kutoka nawafikiria Wakristo wa kwanza wa Masasi. Walikuwa watu waliotolewa utumwani. Mwaka 1876 walitembea kutoka Lindi wakiwa na Askofu Edward Steere, aliyetokea Zanzibar, wakielekea upande wa Ziwa Nyasa, na wakaishia kukaa Masasi, chini ya ile milima ya mawe. Nao, kama Israeli, walikuwa watumwa wa jana, njiani, wakibeba watoto na mizigo. Watu wa namna hiyo ndio waliokuwa nyuma ya Musa aliposema uso wako usipokwenda pamoja nami, usituchukue kutoka hapa. Hakusema "nami" tu. Alisema pia "usituchukue".

Kwa hiyo nenda kwenye jumuiya, hata ile yenye watu watano na mgogoro mmoja. Nenda kwenye Meza ya Bwana ukiwa umejiandaa tangu jana yake. Wale wawili wa njia ya Emau walitembea na Yesu mwendo mrefu bila kumtambua, wakamtambua katika kuumega mkate. Tafuta pia mtu mmoja wa kusali naye kila wiki, anayeweza kukuuliza unaendeleaje na Mungu.

Tahadhari moja, na ninaisema kwa uchungu kwa sababu nimeona wajane wakiuza korosho zao kabla ya msimu kwa ajili ya hili. Anayekuuzia mafuta, maji au chumvi akisema ndani yake kuna uwepo wa Mungu, usinunue. Simoni wa Samaria alitaka kutoa fedha apate uwezo wa Roho, na Petro alimkemea vikali (Matendo 8). Isaya 55 inawaita wenye kiu waje majini, hata asiye na fedha.

Hatua ya saba: kiangazi kitakapofika

Kitafika. Utakaa kwenye mkeka wiki sita na usione kitu. Wengi huacha hapa, wakidhani wamekosea njia.

Angalia mkorosho. Unachanua lini? Mwezi wa sita, wa saba, wa nane, wakati mvua imekwisha na majani ya porini yamekauka. Mizizi yake iko chini sana kwenye mchanga, kwenye unyevu ambao sisi tulio juu hatuuoni. Mwandishi wa Zaburi ya 42 alikuwa kiangazini, machozi ndiyo chakula chake mchana na usiku, akawa anajihubiria mwenyewe: "Nafsi yangu, kwa nini kuinama?" Hakujifanya amefurahi. Kiu yake aliifanya kuwa maombi.

Kipindi hicho punguza maneno. Sali zaburi hiyo hiyo kila siku ikibidi. Rudi kwenye daftari lako usome sentensi za zamani. Chunguza kama kuna jambo la hatua ya tatu umelirudia, na kama halipo, usijitafutie. Mkumbuke Eliya: upepo, tetemeko, moto, na Bwana hakuwamo, kisha ikaja "sauti ndogo, ya utulivu". Kabla ya hapo malaika alimlisha na kumwacha alale, mara mbili. Na ukiona hulali wiki nyingi, chakula hakipiti, huoni sababu ya kuishi, hayo yanaweza kuwa maradhi. Nenda hospitali na umwambie mtu wa karibu leo. Daktari naye ni mkono wa Mungu.

Hatua ya nane: panda na ndoo

Musa aliposhuka mlimani uso wake uling'aa, na Biblia inasema hakujua. Watu wengine ndio walioona. Kwa hiyo usikae ukijitazama kama umebadilika. Ukiinuka kwenye mkeka, uliza ni nani leo, kisha nenda.

Bibi alipofika juu, jua likiwa limeshapanda, hakuingia nyumbani moja kwa moja. Alipita kwanza kwa jirani yetu mzee, Mwislamu, ambaye miguu yake haikuweza tena kushuka bondeni. Alitua ndoo, akafunua mtungi wa yule mzee, akamimina mpaka ukajaa. Kilichobaki ndicho tulichopikia.